Waya Uliokaa na Vikombe vya Wageni

Muhanna, muuza vifaa vya ujenzi wa mtaani kwetu Bagamoyo, hatoi nailoni kwenye kitu kipya. Makochi yana nailoni, rimoti ina nailoni, na mgeni akikaa pale wakati wa joto huinuka na kochi. Mimi jirani yake nimemtania mpaka nimechoka. Hunijibu, "Shufaa, kitunze kikutunze."

Mwaka jana alinunua gari la familia, la petroli na umeme. Muuzaji alimwapia kwamba halinywi mafuta. Kumbe lilikuwa linabugia! Muhanna akamgeukia dereva wake Amedeus, mtu mpole wa Kiwangwa. Akamwita mwizi wa petroli pale sheli, mbele ya bodaboda na wauza samaki, akamnyang'anya ufunguo. Amedeus akarudi kwao kulima mananasi. Hakuna aliyempa gari tena.

Mafuta yakaendelea kuisha vilevile. Muhanna akasema mwizi ameharibu injini kwa kinyongo. Kichwa kigumu yule!

Siku ya posa ya binti yake Shaima, wageni walikuja kutoka Dar. Muhanna akawasimulia kisa cha dereva mwizi, kwa madoido. Mkewe, Jokha, akanituma nitoe vikombe vya wageni kabatini. Nyuma ya birika nikakuta waya mnene umekunjwa, nailoni yake haijafunguliwa. Nikauweka mezani.

Muataz, mjomba wa bwana harusi, akaushika. "Huu si wa kuchajia gari lako hilo lililoko nje? Mbona mpya?"

"Wa dharura huo," alisema Muhanna. "Gari linajichaji lenyewe likitembea."

"Hilo? La, sheikh. Ninalo kama hilo. Usiku unalichomeka ukutani, asubuhi unazunguka mjini kwa umeme. Usipolichomeka, petroli inabeba gari na mabetri yake mazito. Litakula hasa!"

Sinia karibu limponyoke Jokha.

"Ya Rabi, Amedeus!" alisema. "Muhanna, umetunza waya, mtu umemtupa."

Muhanna akakirudisha kisheti sahanini. Sikumwonea huruma hata chembe.

Kesho yake tulikwenda Kiwangwa, mimi, Muhanna na Jokha. Tulimkuta Amedeus shambani, mikono imechanwa na miiba ya mananasi. Muhanna akamweleza yote, akaomba radhi, akamnyooshea ufunguo.

Amedeus hakuupokea. "Nimekusamehe, mzee. Lakini jina la mwizi ulinipa pale sheli, mbele ya watu. La mwaminifu unanipa huku mananasini, nani asikie?"

Kisha Muhanna akamfungulia mlango wa gari.

Pale sheli, mtu yule asiyewahi kukiri kosa hata kwa mkewe alisimama kati ya pampu, akaita bodaboda, akaita wauza samaki, akasema kwamba Amedeus hakuiba hata tone. Alisema mara mbili, maana wa nyuma hawakusikia.

Ndipo Amedeus akanyoosha mkono, akapokea ufunguo.