Mtoto Aliyenisalimia kwa Mbali

Enzi za Zaire, kabla sijajua kuandika jina langu vizuri, nilikuwa "mama mudogo" wa lupango letu. Lupango ni ua mmoja wenye nyumba kadhaa, na letu liliteremka hadi karibu na ziwa, hapa Kalemie. Mtoto akizaliwa humo, kitovu kikishaanguka, mama yake huchagua msichana wa nyumba nyingine amsaidie kumbeba na kufua nepi. Jirani yetu, muuza ndakala, vidagaa vya ziwani, alinichagua mimi, ingawa kila mvua ilinilaza kitandani na vidonda vya mdomo havikunitoka. Usiku ule nililala na beseni la mtoto kando ya kichwa changu.

Siku ya chanjo ya polio tulikwenda sote. Kichanga alikunywa matone yake, akakunja uso. Nilipofungua mdomo, dokta akanizuia. Alikuwa amepima damu yangu na kukuta kinga yake ni haba.

"Mama, huyu asinywe," alimwambia mama yangu kando, jirani akiwa ameshatoka nje na kichanga. "Ndani ya matone kuna kirusi hai, kimedhoofishwa. Mwili wenye nguvu hujifunza nacho, kisha hukifukuza. Wake hauwezi. Kinaweza kukaa tumboni mwake miaka, kikajigeuza, kikaota meno tena, kikamlemaza."

"Basi nitamurudisha nyumbani."

"Ngoja. Kile alichokunywa kichanga kitatoka na choo chake wiki nyingi. Huyu asiguse nepi, wala beseni lake."

Njia nzima mama alikuwa akitafuta maneno. Utamwambiaje mwanamke kwamba nepi ya mwanawe ni hatari? Alimwambia jioni, jirani akiwa anapepeta ndakala. Ungo ulisimama hewani.

"Kumbe mutoto wangu njo sumu?"

"Hapana, mudogo wangu. Wako alikunywa dawa nzuri. Ni mwili wa huyu wangu ndio hauiwezi."

"Nilishaona mengi! Mama mudogo anakataa mavi ya mutoto wake!"

Akaingia ndani, akabamiza mlango. Nililia. Sikulilia miguu yangu, nilililia beseni.

Asubuhi kamba ya nepi haikuwepo. Jirani alikuwa amehamishia kila kitu kwa dada yake, ng'ambo ya barabara: kamba, beseni, sabuni. Huko alichimba shimo la kumwagia maji machafu. Kila siku alivuka, mtoto mgongoni, nepi kichwani, jua au mvua, ndipo aende sokoni. Akirudi alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, akimwonyesha mama yangu, ambaye alimwita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, angalia. Hata dokta hanishindi."

Kisha alikuwa akisimama penye lango, akimwinua mtoto juu.

"Mama mudogo! Mutoto wako anakusalimia! Anasema wewe muvivu, haufui!"

"Mwambie ananuka!" nilipiga kelele kutoka kibarazani kwetu, nikicheka mpaka kikohozi kinishike.

Miezi ilipita. Dokta aliporidhika, jirani alileta mtoto mwenyewe, akamfunga mgongoni pangu kwa kikwembe kipya. Alikuwa amekuwa mzito. Kabla sijainuka vizuri, maji ya moto yalinishuka hadi kiunoni.

"Njo salamu alizokuwekea!" jirani alisema, akajipiga mapaja kwa kicheko.

Sitajua kamwe kama kirusi kile kiliwahi kunikaribia. Namjua aliyekivusha barabara kila asubuhi, mbali nami. Siku ile sikumteremsha mtoto. Nikiwa nimelowa hivyohivyo, nilimzungusha lupango lote kwa miguu yangu miwili.