Nyumba ya Wenye Familia

Nilipokuwa Jeddah nililala chumba kimoja na wahasibu wenzangu, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuniuliza lolote. Kampuni ililipa, sisi tukakoroma. Maswali yalianza nilipohamishiwa Riyadh na kuamua kuwaleta mke wangu na binti yetu wa miaka minne, ambaye nilimwacha Tanga akiwa hajajua hata kukaa.

Kazini walisema nilete kwanza mkataba wa nyumba ndipo karatasi za familia zianze kushughulikiwa. Madalali wa mtaa wa Al-Suwaidi nao wakasema nyumba ya familia hapewi mwanamume wa peke yake. Familia ije kwanza. Wawili kati yao walinitoza ada ya kupeleka maombi yangu kwa mwenye nyumba, wakachukua nakala ya ikama, yaani kibali changu cha ukaazi, na barua ya mshahara, kisha wakanijibu kwamba kapera hatakiwi. Ada hairudi. Nilichukia hasa, maana jibu walikuwa nalo kabla hawajapokea hela yangu.

Dalali wa tatu alinipeleka kwa mwenye nyumba mwenyewe, mzee aliyeishi ghorofa ya chini ya jengo lake. Huyu hakutaka ada. Alisoma barua yangu, akanimiminia kahawa, akasema wanaume wengi humdanganya kwamba wana familia, halafu wanajaza wenzao vyumbani.

"Mpigie mkeo simu ya video," akasema. "Nataka kumwona mtoto."

Kwa kuwa hakujua Kiswahili, na mimi hakuniamini kutafsiri, akamwita dada wa Kikenya aliyefanya kazi za ndani kwake. Akamwambia kwa Kiarabu akae, amweleze kila kinachosemwa, kama kilivyo.

Mke wangu alitokea kwenye simu, akaweka mtandio sawa, akasalimia. Akamvuta binti yetu karibu. Mzee akataka mtoto aulizwe mimi ni nani.

"Mrembo," dada akasema kwa upole, "huyu ni nani wako?"

Mtoto akanitazama kwa makini, akijitahidi kupata jibu zuri.

"Mjomba."

Mjomba ni kaka wa mke wangu. Ndiye anayekaa nao, ndiye anayempeleka shule. Mke wangu akaanza kumsahihisha mbio mbio, akazidi kuniharibia. Yule dada alinigeukia. Angeweza kumwambia mzee kwamba ndivyo watoto wa kwetu wanavyowaita baba zao, na nilitamani kwa moyo wangu wote aseme hivyo.

"Anasema huyu ni kaka wa mama yake," akatafsiri.

Mzee alitua kikombe. Nilimuaga mke wangu, nikaanza kukusanya karatasi zangu, masikio yakiniwaka moto.

"Kaa," mzee akasema. "Aliwahi kuja mtu hapa na mtoto wa kuazima. Yule mtoto aliita baba kabla sijamaliza salamu. Mwongo humfundisha mtoto kwanza. Wewe hukumfundisha."

Akamwambia dalali aandae mkataba. Nilishukuru, nikanywa kahawa iliyobaki, nikajikuta sina furaha hata chembe. Nilikuwa nimepewa nyumba ya familia kwa sababu mwanangu hanijui. Iliniuma, na bado inaniuma.

Dada alinisindikiza mpaka getini.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Ningesema uongo, mzee akuje kujua, ningefutwa kazi."

Nilimwambia hakukosea. Nikamuuliza kama naye ana watoto.

"Niko na mmoja, Kakamega. Mimi huniita anti." Alinifungulia geti. "Wewe enda usaini haraka. Wako anakuja."