Kigelegele cha Jina la Pili

Mama Vigelegele alikaa mstari wa mbele ukumbini, mkono umeubana ufunguo wa chumba chake kana kwamba tayari kuna mtu anauvuta.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya ukumbi huo wa chama tawala, kimeegemea choo. Ukumbi umejengwa juu ya kiwanja cha marehemu mumewe. Jukwaa limekaa palepale ilipokuwa sebule yake. Walipokuja kukichukua kiwanja hicho, mwenyekiti alimshika bega: "Shemeji, utaishi hapa mpaka uzeeke." Kwa mdomo tu. Tangu hapo anawapigia vigelegele bure kila mkutano. Sasa mwenyekiti amejiuzulu, ameondoka na ahadi yake tumboni, na wajumbe wamepiga kura kati ya Mhandisi na Mwalimu. Mshindi akimtazama kwa jicho baya, chumba hana.

"Unamtaka nani?" alinong'ona Kipusa, mwimbaji mwenzake.

"Atakayeshinda."

"Na mwingine?"

"Huyo simjui hata kwa sura."

Kipusa akacheka ndani ya leso. Mama Vigelegele hakucheka; macho yake yalikuwa jukwaani. Katika chama hiki aliyeshindwa hutajwa kwanza, haraka haraka, kama mtu anayefunika aibu. Mshindi hutajwa mwisho. Jina la pili likitoka tu, kigelegele kinapanda. Ukichelewa, watauliza moyo wako uko wapi.

Miaka yote mwenyekiti ndiye aliyesoma matokeo. Leo alisimama msimamizi wa kura, mgeni wa kazi hiyo. Akajikohoza, akamtaja Mhandisi na kura zake. Mama Vigelegele hakuzisikia kura. Alikuwa akilisubiri jina la pili tu.

"Mwalimu..."

Kigelegele kikamchomoka, kirefu, chembamba, kikazunguka dari. Ndipo zikasomwa kura za Mwalimu. Chache mno; mgeni yule alianza na mshindi. Na kigelegele kilikuwa peke yake.

"Mama wee, umejimaliza," alisema Kipusa, akasogeza kiti chake pembeni.

Mhandisi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimwinamia mtunza jengo, akamuuliza jambo, macho yake yakiwa kwa mwanamke wa mstari wa mbele.

Mwalimu, macho yamemlowa, akashuka jukwaani na kumshika Mama Vigelegele mikono mbele ya watu wote. "Ahsante, dada yangu. Ukumbi mzima, wewe tu!"

"Niache, mzee. Jamani, niache."

Mwalimu akadhani anaona haya. Akauinua mkono wake juu, ule wenye ufunguo, watu wote wakaona.

Makofi ya Mhandisi yalipoisha na viti kuanza kukunjwa, mtunza jengo alimjia taratibu, akitabasamu. Siku zote humsalimu kwa kelele.

"Shangazi, mwenyekiti mpya anauliza wewe unakaa wapi."

Alishikilia kiti. Alitaka kusema kwamba alikosea, kwamba kigelegele kilikuwa cha Mhandisi tangu mwanzo. Nani angemwamini? Na aliyeahidi hayupo. Akatazama jukwaani, Mhandisi akipigwa picha.

"Mwambie amesimama sebuleni kwangu."

Mtunza jengo aliacha kutabasamu. Akanyoosha kiganja kuupokea ufunguo.