Zamu Yangu ya Kwenda Karamoja

Pshaaa! Hivyo ndivyo lori la baba lilivyopumua kila lilipofika nyumbani Osukuru. Kwanza pshaaa ndefu ya breki za upepo, halafu mawe ya nyuma yakajipanga upya, gudu-gudu-gudu, kama ng'ombe wanaotafuta pa kulala, halafu kimya, halafu kikohozi cha baba. Siku hizi ninauza chai mpakani Busia, pale malori yanapopanga foleni kuvuka, na pshaaa nazisikia kutwa nzima. Lakini nikizubaa kidogo tu, shingo inageuka yenyewe. Madereva hunicheka. "Sista, unangoja nani?" Nawajibu, namngoja wa kunipeleka Karamoja. Wanadhani natania.

Baba alikuwa akibeba mawe meupe ya marumaru kutoka Moroto, kule Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kuyaleta kiwandani kwetu Tororo. Aliporudi alinuka vumbi kavu, vumbi lisilo na harufu ya majani kama letu. Sisi tulikaa miguuni pake tukimvua viatu, naye akatueleza: nchi ambayo unaendesha asubuhi mpaka jua la utosi na bado mlima ule ule unakutazama. Mbuni wanaokimbia sambamba na lori kama wamewekeana dau nalo. Wazee wanaotembea na kigoda kidogo cha mguu mmoja, mchana wanakikalia, usiku wanakilazia kichwa. Wazungu wanapanda ndege, alisema baba, waje kuona kitu ambacho mimi nakiona nikiwa natafuna mahindi.

Nikisema sisi, nasema mimi na Apio. Apio alizaliwa kwanza, mimi Adongo nikafuata, na kwetu mapacha wana sheria zao. Gauni zilinunuliwa mbili. Yai lilichemshwa la pili hata kama kuku ametaga moja. Mmoja akichapwa, mwingine naye anaguswa na fimbo, mara moja tu, ili mambo yawe sawa. Nyanya, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mlinzi wa sheria hizo. "Pacha ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake," alisema, "aliyenyimwa ataugua. Usije ukanililia."

Basi likizo moja taniboi wa baba, msaidizi wake wa lorini, alikwenda kwao kuoa, na kiti cha pembeni kikabaki wazi. Baba alisimama mlangoni akasema kwa Kiswahili chake cha barabarani, alichokitumia akitaka tujue hatanii: "Kiti iko moja. Safari hii Apio. Likizo ingine Adongo. Maneno imeisha."

"Kwa nini Apio?" nikauliza.

"Si yeye alitangulia kutoka?"

Nyanya aligomba mpaka uji ukamwagika motoni, lakini alfajiri lori liliondoka, na dirishani nikaona mkono wa Apio ukipunga, mkono unaofanana na wangu mpaka kucha.

Nikaingoja homa. Nisikufiche, niliingoja kama mtu anavyongoja mgeni aliyeahidi kuja na zawadi. Nyanya alikuwa amesema nitaugua. Nikiugua, baba ataaibika, atageuza lori. Siku ya kwanza nilijishika paji la uso kila mara. Baridi. Siku ya pili nikala fungu langu na fungu la Apio, nikalala usingizi mzito, nikaamka mzima kama ndama. Afya ile iliniudhi sana. Siku ya tatu nikaenda nyuma ya jiko nikabandika uso kwenye ukuta uliopigwa na jua mpaka ngozi ikawaka, kisha nikajikokota hadi kwa mama nikitetemeka. Mama alinigusa, akatazama udongo wa ukuta uliobaki shavuni, akaenda kunichemshia mwarobaini. Nilikunywa kikombe kizima. Ndiyo dawa pekee ya wivu niliyowahi kupewa, na haikufaa kitu.

Siku ya sita, pshaaa.

Apio alishuka kwa kuruka. Jua lilikuwa limempiga akawa mweusi kuliko mimi, nywele zina vumbi jekundu, shingoni ana uzi wa shanga nyekundu na nyeupe. Tangu tuzaliwe watu walikuwa wakituuliza, "Wewe ni yupi?" Siku ile hakuna aliyeuliza. Walimjua. "Huyu ndiye wa Karamoja!" Majirani walikuja na vigoda vyao. Mimi wakanituma maji.

Uzi wangu wa shanga ulikuwepo, sheria ni sheria. Baba aliutoa mfukoni akanipa. Nikauona mfupi. Niliupima na wa Apio akiwa amelala, nikakuta unalingana shanga kwa shanga, na hiyo ikaniuma zaidi, maana sasa sikuwa na la kulalamikia.

Na mdomo wa Apio, jamani! "Mwamba wetu wa Tororo? Ule ni chunusi. Ungeona mlima Kadam." "Kule kuna maji yanachemka yenyewe ardhini, baba kaniambia, hayana moto wala sufuria." Nikimuuliza mbuni ana ukubwa gani, ananitazama kwa huruma. "Wewe huwezi kuelewa. Hukwenda."

Nilijua kuna mahali pamoja ambapo baba hupasifu kuliko kwingine, mwinuko mmoja kabla ya mji wa Nakapiripirit. Ukifika juu, alikuwa akisema, nchi yote inafunguka mbele yako, njano na buluu, mpaka macho yanachoka kabla haijaisha. Tukiwa tunachambua maharage nikajishusha nikamuuliza kwa upole, "Apio, na pale juu, mliona nini?"

Akainamisha kichwa. "Sikuona."

"Lori halikusimama?"

"Lilisimama. Sikuona."

Nikajua ananinyima. Vyote amevimwaga kwa majirani, hicho kimoja amekificha ili kiwe chake. Nikanyoosha mkono, nikashika shanga zake, nikavuta. Uzi ukakatika, shanga zikamwagikia kwenye maharage, nyekundu na nyekundu, nyeupe na nyeupe, huwezi kujua ipi shanga, lipi haragwe. Apio hakulia. Alianza kuziokota moja moja. Nyanya alinichapa, kisha, kwa sababu sheria ni sheria, akamgusa Apio fimbo moja begani. Ile moja ndiyo niliyoisikia.

Likizo nyingine ilifika. Nilikuwa nimekunja gauni langu ndani ya mfuko wa sukari wiki mbili kabla. Lakini mwenye lori alikuwa ameliuza, na baba akapata kazi ya kubeba samaki, Majanji ziwani na kurudi, safari ya kunusa tu. "Zamu yako iko," akasema. Nami nikaendelea kuiweka, nikaiweka mpaka mfuko ule ukapasuka, mpaka nikaacha shule, mpaka Apio akaolewa Masafu.

Ni juzijuzi tu, kwenye kumpa jina mtoto wa Apio, baba akiwa amekaa na mgongo wake mbovu anamenya karanga, akaanza kucheka peke yake. "Huyu mama mtoto alikuwa mjinga kweli," akawaambia wageni. "Nimesimamisha lori na haraka yote hiyo, juu kabisa, nikamwambia, haya, angalia Karamoja. Akafunga macho na mikono miwili! Namwambia, we mtoto, ndiyo hii! Anasema, hapana, hii nitaona na Adongo. Mpaka nimeshuka chini kabisa ndiyo akafungua."

Wageni walicheka. Nilimtazama Apio. Alikuwa akimfuta mtoto mdomo ulio safi.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza baadaye, tukiosha masufuria.

"Nilikuambia. Nilisema sikuona." Akanirushia povu. "Ulikuwa na wivu, Adongo. Hata ningekueleza, nani angenisikia?"

Nami siku zote nilidhani wivu ni kumwona mwenzako amepata. Kumbe hata sikumwona vizuri.

Wiki iliyopita dereva mmoja, mteja wangu wa chapati mbili, alinitumia video aliyoirekodi akielekea Moroto. "Sista wa Karamoja, jionee mwenyewe." Nilingoja wateja waishe, nikakaa juu ya kreti nyuma ya jiko, peke yangu na simu. Nikaona nyasi za njano. Nikaona mbuni, mkubwa kuliko nilivyowaza, nikacheka kwa sauti. Nikauona Kadam ukiwa bado unatazama. Kisha injini ikabadili sauti, lori likaanza kupanda, likapanda, na mbele ya kioo anga likawa linazidi kuwa kubwa.

Nikaweka kiganja juu ya simu. Nilikaa hivyo nikisikiliza tu lori likipita juu na kuteremka, mpaka injini ikatulia, mpaka nikasikia pshaaa ya chini kabisa, ndipo nikauondoa mkono.