Mtoto Asiyeshikwa na Diski

Mwanatatu hajui Kiingereza, na aibu hiyo ameibeba tangu usichana. Aliwahi kuachishwa kazi ya hotelini kwa kushindwa kumjibu mgeni aliyetaka taulo tu. Siku hiyo aliapa kwamba mtoto wake hatakuja kusimama mbele ya mtu akakosa la kusema.

Sasa anakaanga viazi karai mtaani Mjambere. Bintiye Dhahabu, wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa akimwitia wateja.

"Mjomba, vya jana tumempa paka, hivi vya leo! Usivitazame sana, vitaona haya!"

"Loo, mtoto ana maneno kama kungwi!" watu walicheka, na wakanunua.

Januari Mwanatatu akamhamishia akademia moja ya Mishomoroni, ambako Kiswahili kilikuwa mwiko nje ya kipindi chake. Aliyeteleza alivikwa diski, kibao cha mti chenye kamba, mpaka naye amnase mwingine. Aliyekutwa nayo jioni alipigishwa magoti mbele ya shule nzima. Kwa hiyo watoto walijifunza kuwinda.

Siku ya kwanza msichana mmoja alimkanyaga Dhahabu kidole makusudi.

"Wee, wanikanyaga!"

Diski ikamwingia shingoni. Kesho yake wakamfinya, keshokutwa wakamfichia kiatu. "Mama Karai, sema basi! Sema tusikie!" walimchokoza kwa Kiingereza. Alipiga magoti siku nne mfululizo. Siku ya tano akafunga mdomo.

Mwalimu wake, Musyoka, alimsimamisha Mwanatatu getini siku ya kufunga shule. "Mama Dhahabu, hongera. Mtoto ana nidhamu. Tangu ile wiki ya kwanza hajashikwa na diski hata mara moja."

Mwanatatu alipiga kigelegele palepale, wazazi wengine wakageuka kumtazama.

Nyumbani, mumewe Jafar hakufurahi. "Huyu mtoto ana nini? Hata shikamoo siisikii siku hizi."

"Mwache, baba. Kiingereza kinamwingia. Kichwa kimejaa."

Akamkataza binti na Kiswahili cha nyumbani, kisije kikamponyoka shuleni. Dhahabu hakubisha. Alikula, akaosha vyombo, akalala. Wateja walimuulizia kungwi wao, na mama yake akawajibu kwa fahari kwamba anasoma.

Alhamisi moja ya muhula wa pili Dhahabu alirudi ameukumbatia mkono wa kushoto. Hakugusa chakula. Mama yake alipomvua sare, aliona kiwiko kimevimba, ngozi imetanuka mpaka inang'aa.

"Ya Rabi! Nani kakufanya hivi?"

Dhahabu akageuza uso ukutani.

Alimpigia mwalimu simu. Musyoka alishtuka kwelikweli. "Wenzake walisema ameanguka kwenye bembea, saa nne. Nilimuuliza kwa Kiingereza kama ameumia, akatikisa kichwa. Nikajua ni mzima, mama. Akaingia darasani, akakaa mpaka saa tisa."

Saa tano nzima. Mwanatatu alizihesabu njia nzima ya kwenda zahanati, mtoto ubavuni mwake, hata kite hakipigi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mzaliwa wa Kisauni. Aliinama mbele ya Dhahabu. "Haya mwanangu, pauma wapi? Niambie kwa lugha uitakayo."

Dhahabu aliutazama mdomo wa daktari, kisha wa mama yake. Midomo yake ikachezacheza, ikafumbana.

"Sema, mama," Mwanatatu alimsihi. "Mimi ndiye niliyekukataza, na mimi nakuruhusu. Sema chochote. Lia basi, nikusikie!"

Machozi yalimtoka mtoto mpaka kidevuni, bila sauti. Daktari alingoja, kalamu mkononi. Nje ya pazia mgonjwa mwingine alikohoa kwa kukosa subira.

"Kiwiko," Mwanatatu akamjibia. "Cha kushoto."

"Tangu lini?"

"Saa nne asubuhi."

"Alipoanguka, aligonga na kichwa?"

Hilo Mwanatatu hakulijua. Akampigia magoti binti yake pale sakafuni, akamuuliza polepole, akamuuliza tena, na Dhahabu akamtazama kwa hofu ileile ambayo mtoto humtazamia mwalimu.

"Andika hatujui," Mwanatatu akamwambia daktari.

Daktari akaandika.