Platinamu Ndani ya Kikombe

Kazini wanamwita shangazi yangu Chembe, kwa sababu ukimuuliza habari za asubuhi anaweza kukujibu kwa desimali. Kiwanda chao kinapokea vichocheo vilivyochakaa, zile punje za kauri ambazo viwanda vya kemikali huzitumia mpaka zichoke. Ndani yake mna platinamu, madini ya thamani, kidogo sana. Baba yangu, mdogo wake, ndiye mkuu wa tanuru linaloitoa. Shangazi yuko ghorofa ya juu na hadubini ya elektroni, akipima mabaki kuona kama baba ameacha kitu. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuacha cha maana.

Mwezi ule shangazi alirudi kutoka likizo ya wiki mbili, akapima mabaki ya kwanza, akakuta platinamu. Akapima ya pili, ipo. Kilichomchanganya ni kwamba kwenye kioo cha hadubini hakuona kitu. Platinamu ikibaki huonekana kama vitone vyeupe vinavyong'aa juu ya kauri ya kijivu, na hapa ilikuwa kauri tupu. Lakini popote alipoelekeza mwale, namba zilisema ipo, tena kwa kiasi kilekile. Alizima mashine akaiwasha. Alifuta miwani. Namba hazikusogea, na kwa kuwa namba ndiyo kazi yake, akazipeleka kwa meneja.

Meneja alimwambia baba kwamba sampuli ya tatu ya mabaki ikitoka hivyo, Ijumaa atakabidhi tanuru kwa mwenzake na kuhamia kupakua magunia.

Tunaishi nyumba moja. Jioni ile baba alikula nusu sahani, kisha akamuuliza dada yake bila kuinua macho:

"Dada, umeiona kwa macho yako?"

"Sijaiona. Nimeisoma."

"Sasa unasomaje kitu usichokiona?"

Shangazi aliinuka. Aliosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Alhamisi asubuhi sampuli ya tatu ikatoka vilevile. Shangazi alishuka kwenye jiko la kiwanda, akachukua mkono wa kikombe kilichovunjika, akauandaa kama sampuli nyingine yoyote na kuuingiza kwenye hadubini. Kikombe nacho kilikuwa na platinamu. Anasema alikaa akikitazama kipande kile, akajiuliza kama jengo zima limejaa platinamu au ni yeye anayeumwa.

Akavunja kipande kingine. Kauri haipitishi umeme, kwa hiyo kila sampuli hupakwa kwanza utando mwembamba ili picha isichezecheze. Utando wake yeye huwa ni wa kaboni. Alipofungua mashine ya kupaka utando huo, aliona karatasi iliyotandikwa chini. Siku zote huwa na doa la kahawia. Hii iling'aa kama fedha.

Fundi wa mashine hakukataa. Shangazi alipokuwa likizo, yeye fundi alibadilisha kichwa cha mashine ile ili ipake platinamu, maana walitaka picha za kalenda ya kampuni.

"Inatoa picha safi," alimwambia. "Nilidhani utaona."

Kila alichopima wiki ile, shangazi alikuwa amekipaka platinamu kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Alirudisha kichwa cha kaboni, akakata vipande vipya vya sampuli zote tatu, akapima mpaka alasiri. Kauri tupu. Aliandika ripoti, akaandika pia kwamba kosa ni lake, meneja akaisaini bila kumtazama. Kisha akashuka nayo kwenye tanuru, ambako baba alikuwa ameshaanza kumwonyesha mwenzake vali ipi ni ngumu.

Baba aliisoma mara mbili.

"Kwa hiyo ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Mimi ndiye niliyeipaka."

Baba alivua glavu, akazivaa tena.

"Ajabu," alisema. "Mimi nilishakumbuka mpaka siku nilipoiacha ile platinamu."