Moyo wa Kompyuta Uliokataa Kuugua

Njia ya Lodwar hadi Nakuru niliijua nikiwa nimeshika usukani. Mara hiyo nilikuwa nimelala nyuma ya kiti, kwenye kile kitanda chembamba cha lori, mwenzangu akiendesha na kuniuliza kila baada ya kilomita chache, "Boss, bado uko?" Nilikuwa nimezimia nikipakua mahindi. Moyo ulikimbia, ukaruka, ukakimbia tena, hadi Kitale, hadi Eldoret, hadi mlangoni kwa dada yangu mkubwa mtaani Rhonda, hapo Nakuru.

Nilitaka kitu kimoja tu: daktari asaini kwamba naweza kurudi barabarani.

Daktari alinituma kwa mtafiti, mama mpole aliyetengeneza mioyo ndani ya kompyuta. Alichukua picha za moyo wangu, kisha akanibandika kifuani kimashine cha kurekodi mapigo kwa siku nzima. Vipimo hivyo vingeingizwa kwenye kompyuta ili moyo wa humo upige kama wangu, naye mtafiti aone mapigo yanaharibikia wapi na ni dawa gani ingeyatuliza.

"Fanya kazi zako za kawaida," aliniambia.

Dada alikiheshimu kimashine kile kama mgeni wa kanisani. Alinikalisha kwenye sofa tangu asubuhi. Kuteka maji, hapana. Hata redio aliizima, siasa zisinipandishe hasira.

"Tulia. Unataka hao watu waone mapigo mabaya?"

"Ndiyo wanayoyatafuta, dada."

"Wakiyapata, nani atakusainia? Wewe tangu shule hujui kufanya mtihani."

Baada ya wiki tatu, mtafiti alinionyesha moyo wangu kwenye kioo cha kompyuta. Rangi ya chungwa, ndiyo pigo lenyewe, iliupitia kutoka juu hadi chini, polepole, bila kukosea. Akauharakisha, ukatulia wenyewe.

"Mzee, huu moyo hauna shida," alisema kwa huzuni. Nilipomweleza habari za sofa, alifumba macho. Wiki tatu za kazi, bure.

Mara ya pili aliponibandika mashine, nilitoroka. Nilienda Kabazi kwa binamu yangu wakati wa kuvuna viazi, nikapandisha magunia mlimani na mashine kifuani. Gunia la tano lilinikalisha chini. Kwenye kioo, rangi ilianza vizuri, ikafika sehemu moja upande wa kushoto, ikazunguka papo hapo kama vile vimbunga vya vumbi vya kiangazi, na moyo wote ukatetemeka. Mimi nilifurahi. Nilidhani nimefaulu.

Daktari aliandika dawa, akaweka kalamu chini. "Lori, hapana."

"Lakini kwenye kompyuta dawa imeutuliza."

"Imeutuliza ukiwa umekaa. Ukibeba mzigo, imeshindwa. Na barabarani hauko peke yako."

Dada hakuhitaji kusikia zaidi. "Si nilikwambia utulie?"

Nilikaa miezi miwili kwenye sofa ile ile, nikisikiliza breki za malori ya watu wengine, hadi mwenzangu alipoleta habari kwamba ghala moja Lodwar linataka mtu wa kupokea mizigo mezani, kwa kalamu tu. Nilifunga nguo zangu zote. Dada mwenyewe alinitia dawa mfukoni.

"Huko angalau utatulia?"

"Nitakaa."

Miguu ilinipeleka mlango wa dereva, kwa mazoea. Mwenzangu alikuwa ameshaketi pale, akitazama mbele. Nikazunguka lori, nikapanda upande wa kushoto.